Saa Moja ya Kikao Ina Saa Ngapi?

Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, aliyetaka kununuliwa kiti kipya alijaza fomu, mkuu wa kitengo akaisaini, mhasibu akaikagua, kisha meneja akaidhinisha. Zilipita wiki mbili, na bei ikizidi kidogo fomu ilirudi ilikotoka. Mtu huyohuyo aliyezungushwa kwa ajili ya kiti aliweza, bila kumwomba yeyote ruhusa, kufungua kalenda kwenye kompyuta, kuchagua majina ya wenzake wanane na kuwaita kikaoni kila Jumatatu kwa mwaka mzima. Alichokitumia hapo kingenunua viti vya ghorofa nzima. Lakini kiti kina risiti, kikao hakina.

Fumbo lote la vikao vya kazini liko hapo. Kikao ni matumizi ambayo anayeyaidhinisha siye anayeyalipa, na bei yake haiandikwi popote. Basi tujaribu kuiandika.

Hesabu ya juujuu

Anza na mshahara. Mtu anayefanya kazi saa 40 kwa wiki hufikisha saa 2,080 kwa mwaka kabla ya kutoa likizo, yaani wastani wa saa 173 kwa mwezi. Gawanya mshahara wake wa mwezi kwa 173, utapata bei ya saa yake moja. Ongeza michango ya pensheni na bima anayotoa mwajiri, kodi ya jengo, umeme na vifaa, maana saa ya mfanyakazi humgharimu mwajiri zaidi ya kinachoingia kwenye akaunti ya mfanyakazi. Kisha zidisha kwa idadi ya waliohudhuria.

Hata fedha ukiziweka kando, saa zenyewe zinashtua. Watu tisa kwa saa moja ni saa tisa, zaidi ya siku nzima ya kazi ya mtu mmoja. Kikao hicho kikirudiwa kwa wiki 46, ukishatoa likizo na sikukuu, zinakuwa saa 414: wiki kumi na ushee za mtu mmoja. Mwambie mkurugenzi unataka kuajiri mtu kwa zaidi ya miezi miwili, na kazi yake iwe kukaa na kusikiliza, uone kama hatakuonyesha mlango. Kikao cha Jumatatu kinafanya hivyohivyo na hakuna anayeuliza.

Kampuni ya Shopify ya Kanada iliamua kuibandika bei hiyo mbele ya macho ya watu. Julai 2023 iliweka kwenye kalenda za wafanyakazi wake kikokotoo kinachoonyesha gharama ya kikao kabla mwaliko haujatumwa. Kwa makadirio yake, kikao cha nusu saa cha watu watatu kiliweza kugharimu kati ya dola 700 na 1,600. Mtu anaweza kubishia tarakimu hizo, na kikokotoo chenyewe kina upofu wake, kwani hakioni kikao kilizaa nini. Angalau kilikipa kikao risiti.

Saa zisizoonekana kwenye kalenda

Hesabu hiyo ya mishahara ndiyo sehemu ndogo. Mwaka 2014 washauri wa kampuni ya Bain walieleza walichokikuta katika kampuni moja kubwa ambayo kamati yake kuu ilikutana mara moja kwa wiki. Kwa mwaka, wajumbe wenyewe walitumia humo saa 7,000. Lakini mjumbe wa kamati kuu haendi kikaoni mikono mitupu. Kabla yake hukutana na wasaidizi wake wakubwa, nao wameshakutana na timu zao, na timu hizo zimeshaitisha vikao vya kuandaa takwimu za kupeleka kwenye kikao cha kuandaa kikao. Walipojumlisha ngazi zote hizo, kikao kimoja cha wiki kilikuwa kinameza saa 300,000 kwa mwaka, zaidi ya mara 40 ya zile zilizoonekana juu. Waliokaa kwenye meza kuu huenda waliona mti tu. Mizizi ilikuwa imeenea chini ya jengo zima.

Hata ofisi ndogo ina mizizi yake. Chukua mhasibu anayefunga hesabu za mwezi, na siku hiyo ana vikao viwili vya saa mojamoja, cha saa nne asubuhi na cha saa nane mchana. Kwenye karatasi amebakiwa na saa sita za kazi. Sasa mfuate. Anaingia saa mbili. Mpaka afungue majedwali na kukumbuka alipoishia jana, nusu saa imekwenda. Kufikia saa tatu na nusu jicho linaanza kutazama saa, na ile kazi nzito ya kulinganisha vitabu haianzishwi tena kwa sababu ataikatisha katikati. Anajibu barua pepe. Saa tano anatoka kikaoni kichwa kikiwa bado kwenye mabishano ya bajeti, anakaa, anajaribu, na saa saba ni chakula. Saa nane kikao. Saa tisa anarudi mezani amechoka, na watu wanamfuata kwa yale waliyoshindwa kumuuliza akiwa vikaoni. Hesabu zinafungwa jioni ofisi ikiwa tupu, au nyumbani usiku. Usiku huo hauko kwenye kikokotoo chochote.

Paul Graham, mwanaprogramu aliyegeuka mwekezaji, alilieleza hili vizuri mwaka 2009 alipotofautisha ratiba mbili. Siku ya meneja imekatwa vipande vya saa mojamoja. Kwake kikao ni kujaza nafasi iliyo wazi, kimekwisha anahamia kingine. Siku ya anayetengeneza kitu, awe anaandika programu, ripoti au mchoro, imegawanyika nusu kwa nusu, na kikao kimoja kinaweza kuiharibu nusu nzima kwa kuikata vipande viwili ambavyo kila kimoja ni kifupi mno kwa kazi ya maana. Tatizo ni kwamba anayepanga vikao mara nyingi ni yule mwenye ratiba ya kwanza, naye hana ubaya wowote moyoni. Kwake kweli hakijaharibika kitu.

Mwaka huohuo mtafiti Sophie Leroy alichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa mtu anayehamishwa kutoka kazi moja kwenda nyingine kabla hajaimaliza ya kwanza hubaki na mabaki ya mawazo ya kule alikotoka, na kazi ya pili huifanya vibaya zaidi. Kikao huzalisha mabaki hayo kotekote: unaingia ukiwa na kazi uliyoikatisha, unatoka ukiwa na mjadala usiokwisha.

Penye wengi pana mengi

Kuna imani kwamba ukiongeza mtu kikaoni umeongeza akili. Kinachoongezeka kwa hakika ni njia za kupitisha maneno. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu kubwa katika kampuni ya kompyuta ya IBM, alilipigia hesabu jambo hili mwaka 1975: watu wanne wana njia 6 za kuwasiliana wawiliwawili, wanane wana 28, na kumi na wawili wana 66. Idadi ya watu imezidi mara tatu, idadi ya njia mara kumi na moja.

Nguvu nayo inapungua. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwavutisha watu kamba na kupima. Kwa matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913, walipovuta wanane pamoja kila mmoja alitoa kama nusu ya nguvu aliyoitoa alipovuta peke yake. Ungedhani ni kwa sababu hawakuvuta kwa wakati mmoja. Mwaka 1974 watafiti wengine walirudia jaribio hilo kwa hila kidogo: waliwafunga watu vitambaa machoni na kuwaaminisha kwamba wako wenzao nyuma wanavuta, wakati hakuna aliyekuwa akivuta. Bado walilegea. Yeyote aliyewahi kuzima kamera kwenye kikao cha mtandaoni cha watu ishirini na kuendelea kupasi nguo hahitaji kuelezwa zaidi.

Jambo linalonishangaza kuliko yote katika utafiti wa vikao lilitolewa na Garold Stasser na William Titus mwaka 1985. Walivipa vikundi vidogo kazi ya kuchagua mgombea aliye bora. Kila mjumbe alipewa taarifa, baadhi zinazojulikana na wote, nyingine anazozijua yeye peke yake. Taarifa zote zikiwekwa mezani, mgombea bora anaonekana bila shida. Vikundi vingi havikumwona. Walizungumza zaidi yale ambayo kila mtu alikuwa akiyajua tayari, wakaitikiana vichwa, wakakubaliana. Yale ya pembeni, ambayo ndiyo yaliyowafanya wakutanishwe, yalibaki mifukoni mwa wenyewe.

Tafakari maana yake. Sababu inayotolewa mara nyingi ya kuitisha kikao ni kubadilishana taarifa, na kikao kikiachwa kijiendee hupendelea taarifa ambazo hazihitaji kubadilishwa. Zinapendeza kusemwa kwa sababu kila anayezisikia anaitikia. Mwenye taarifa ya peke yake hujiona anapinga, tena anapinga mbele ya mkuu wake, na saa ya chakula imekaribia.

Kuhusu muda unavyogawanywa kati ya hoja, Mwingereza C. Northcote Parkinson aliandika mwaka 1957 mzaha ambao haujazeeka. Kamati yake ya kubuni inapitisha mradi wa mtambo wa nyuklia kwa dakika mbili na nusu, kisha inabishania banda la baiskeli kwa dakika 45. Mtambo hakuna anayeuelewa, na kila mmoja anadhani mwenzake anauelewa. Banda kila mtu ameshawahi kuliona.

Kwa nini basi haviishi?

Mwaka 1944, katikati ya vita, idara ya ujasusi ya Marekani iliyoitwa OSS iliandaa mwongozo mfupi wa kuwafundisha raia wa kawaida kuhujumu kazi za adui bila silaha. Humo, pamoja na mbinu za kuharibu mashine, kuna ushauri kwa walio maofisini: kila jambo lipelekwe kwenye kamati, kamati iwe kubwa iwezekanavyo na isipungue watu watano; maamuzi ya kikao kilichopita yafufuliwe na kujadiliwa upya; na vikao viitishwe pale penye kazi ya haraka zaidi ya kufanya. Nimekaa na wachapakazi waaminifu kabisa wanaoutekeleza mwongozo huo aya kwa aya bila kuwahi kuusikia.

Hawafanyi kwa ujinga. Kikao kinatoa vitu ambavyo havimo kwenye ajenda. Kinagawa lawama: uamuzi ukiharibika, tuliamua wote. Kinampa mkuu uhakika kwamba watu wapo na kazi inaendelea, hasa pale asipokuwa na njia nyingine ya kuiona. Na kwa anayealikwa, msemo wa asiyekuwepo na lake halipo bado una nguvu. Anaogopa kitengo chake kisije kikabebeshwa mzigo akiwa hayupo, kwa hiyo anakwenda akakae mlinzi. Vitengo sita vikituma walinzi sita, hapo kikao kimejaa na hakuna aliyekuja kufanya kazi.

Sababu iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ya kawaida sana: kuandika kunachosha. Kuandika ukurasa mmoja unaoeleweka, wenye hoja, takwimu na pendekezo, kunaweza kumchukua mtu asubuhi nzima, na katikati yake hugundua kwamba pendekezo lake halijakomaa. Kuzungumza hakudai hivyo. Anayeitisha kikao ili awaeleze wenzake jambo ameokoa saa zake tatu za kuandika kwa kutumia saa tisa za watu wengine. Kwake ni faida tupu. Amazon walilielewa hili mapema. Mwaka 2004 Jeff Bezos alipiga marufuku maonyesho ya slaidi kwenye vikao vya viongozi wake, badala yake mwenye hoja akatakiwa kuiandika kwa sentensi kamili, kurasa zisizozidi sita, na wajumbe wanaanza kikao kwa kuusoma waraka huo kimya wote pamoja. Gharama imerudishwa kwa mwenye hoja. Sehemu ya hoja, nadhani, hufia hapo kwenye rasimu, jambo ambalo ni akiba pia.

Vikao vya mtandaoni viliondoa breki ya mwisho iliyokuwapo. Zamani ukumbi ulikuwa na viti kumi na viwili, na wa kumi na tatu alisimama. Sasa kuongeza jina la kumi na tatu ni kubofya mara moja. Mwaka 2021 Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza kwa nini vinachosha kwa namna yake: nyuso kubwa zinazokukodolea macho kwa karibu, wewe mwenyewe kujitazama kwenye skrini muda wote, mwili kufungwa mahali pamoja, na jitihada ya ziada ya kutoa na kusoma ishara ambazo ana kwa ana huja zenyewe.

Lini usiitishe

Kanuni ninayoitumia ni kuangalia maneno yanakwenda upande gani. Kama yanatoka kwa mmoja kwenda kwa wengi, na wengi hao hawana la kurudisha ila "sawa", andika. Taarifa za maendeleo ya kazi, ile duru ambapo kila mmoja anaeleza alichofanya wiki iliyopita, ni mfano ulio wazi kuliko yote. Jedwali moja ambalo kila mtu analijaza Ijumaa linatosha, na ambaye hajajaza anajulikana. Kama uamuzi ni wa mtu mmoja kwa cheo chake, auamue na kuwajulisha wengine. Kuwaita watu kumi "washauri" wakati uamuzi umeshafanyika kunawagharimu kitu kibaya kuliko muda, maana safari ijayo hawatasema kweli. Na kama mwenye mamlaka ya kuamua hatahudhuria, ahirisha, kwa sababu mtarudia yote akiwapo.

Mawazo mapya nayo hayazaliwi kikaoni kama inavyodhaniwa. Jaribio la Chuo Kikuu cha Yale lililochapishwa mwaka 1958 lililinganisha watu wanne waliokaa pamoja kubuni mawazo na wanne waliobuni kila mmoja peke yake. Mawazo ya waliojitenga yakiunganishwa na kuondolewa yaliyojirudia, yalikuwa mengi zaidi. Sababu mojawapo, iliyobainishwa na Michael Diehl na Wolfgang Stroebe mwaka 1987, ni zamu: kikaoni anasema mmoja, na wengine wanaposubiri wazo linapotea au linajihukumu lenyewe. Wape watu siku mbili waandike, ndipo mkutane kuchambua.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaotaka vikao vifutwe vyote. Maandishi yana bei yake. Mlolongo wa jumbe hamsini kwenye kundi, nusu yake zikijibu jumbe tofauti, ni kikao cha siku tatu kisicho na mwenyekiti. Jambo likishakwenda na kurudi mara tatu bila kueleweka, piga simu. Habari mbaya hazitumwi kwa waraka. Wenzako wawili wanaovutana hawapatanishwi kwa maoni ya pembeni ya ukurasa. Uamuzi ambao ukishafanywa haurudi nyuma, na unaowagusa watu wenye maslahi yanayogongana, unahitaji watazamane usoni. Timu mpya nayo inahitaji kukaa pamoja hata bila hoja nzito, ili siku ya hoja nzito wawe wanafahamiana.

Kwa vile vinavyobaki, marekebisho madogo yana nguvu. Utafiti wa Allen Bluedorn na wenzake wa mwaka 1999 uliwapa watu watano watano kazi moja ya kuamua. Waliokaa walichukua muda mrefu kwa asilimia 34 kuliko waliosimama, na maamuzi yao hayakuwa bora zaidi. Kikao cha kila wiki kipewe tarehe ya kufa siku kinapozaliwa, na anayetaka kiendelee akiombee upya. Shopify, kabla ya kile kikokotoo, walifanya kwa ukali zaidi: Januari 2023 walifuta kwenye kalenda vikao vyote vya kujirudia vya watu zaidi ya wawili, wakaacha kwanza muda upite ndipo vilivyohitajika virudishwe.

Na ambaye hana cheo cha kufuta chochote? Kukataa mwaliko wa mkuu si jambo dogo, na ushauri wa kubonyeza tu "sitahudhuria" hutolewa na watu wasio na mkuu. Lililonisaidia ni kukubali kikao na kukipunguza: "Mkuu, naona kipengele cha tatu ndicho kinachohusu kitengo chetu. Naomba niingie kwa hicho, na takwimu zetu nitazituma leo jioni ili wajumbe wawe nazo." Sijawahi kujibiwa hapana. Mara mbili nimejibiwa kwamba takwimu zikifika hakuna haja ya kuja.

Kile kikao cha Jumatatu kilikuja kupimwa kwa bahati. Aliyekiitisha alikwenda likizo, akasahau kukikabidhi, na kwa wiki tano hakikufanyika. Wiki ya kwanza tuliingia ukumbini tukatazamana, tukaondoka. Kazi ziliendelea. Ila wiki ya tatu mzigo mmoja ulitoka stoo bila nyaraka, na tulipochunguza tukagundua kwamba mtu wa stoo na mtu wa usafirishaji walikuwa wakilimaliza suala la nyaraka mlangoni, wakisubiri kikao kianze. Ajenda haikuwahi kulitaja. Mwenye kikao aliporudi likizo tulimweleza. Wale wawili wakapewa dakika kumi na tano zao kila Jumatatu, na sisi saba tuliobaki tukaanza kupata ukurasa mmoja.